Mombasa, London ama Dubai: kesi ya mkataba wa nje uifungue wapi?

Mfanyabiashara wa huku kwetu ataipigania bei mpaka senti ya mwisho, freti ataiuliza kwa kila ajenti wa Moi Avenue, ushuru ataupigia hesabu mara mbili, halafu akifika kile kifungu cha nyuma kabisa kinachosema ugomvi ukitokea utasikizwa na mahakama ya nchi fulani, anasaini bila kusoma. Na hicho ndo kitakachoamua, siku mambo yakiharibika, kama ana deni la kudai ama ana karatasi tu.

Mimi ni karani kwenye ofisi ya mawakili hapa mjini, si wakili, kwa hivo haya yachukueni kama maelezo ya mtu anayebeba mafaili, ushauri wa kesi yako mwenyewe kautafute kwa wakili. Swali hili tunaulizwa sana na wanaouliza wako aina mbili. Kuna yule hajasaini bado, rasimu iko kwenye simu, mwenzake wa Dubai ama Guangzhou anamharakisha, saini leo kesho tupakie. Huyo ana bahati. Halafu kuna yule ambaye kontena ishafika godauni na mzigo siyo aliouagiza, ama ametuma chai na mnunuzi amenyamaza, na sai ndo anautafuta mkataba aone umesemaje. Nitajaribu kuwajibu wote.

Kwanza tutenganishe mambo mawili maana hapa wengi huchanganyikiwa. Sheria itakayotumika ni kitu kimoja, mahakama itakayosikiza ni kitu chengine. Mkataba unaweza kusema sheria ya Uingereza itatumika na usitaje mahakama yoyote, na hapo jaji wa Mombasa anaweza kuisikiza kesi hiyo kwa sheria ya Uingereza, ataletewa mtaalamu wa kumueleza sheria hiyo inasemaje na mtaalamu huyo mtamlipa nyinyi. Kwa hivo ukiona neno "Uingereza" kwenye mkataba usikimbilie kusema kesi ni ya London. Soma tena.

Nitapima kwa mambo gani

Mambo manne, na nitayarudia kwa kila nchi.

Pesa: hukumu ikitoka, itaifikia mali ya mdaiwa pale ilipo? Kwangu hili ni la kwanza na ndo refu kuliko yote, kwa sababu kushinda kesi na kulipwa ni safari mbili.

Gharama: kufungua, wakili, na je, utaambiwa uweke dhamana kabla hata hujasikizwa?

Lugha na mashahidi: kesi inaendeshwa kwa lugha gani, na watu walioona mambo kwa macho yao wako wapi.

Kuzuia: unaweza kuishika mali, akaunti ama meli kabla haijaondoka?

Mombasa (yaani mahakama za Kenya)

*Pesa.* Mdaiwa akiwa na nyumba Nyali, godauni Changamwe, malori ama akaunti benki ya hapa, hukumu ya hapa ndo njia fupi kuliko zote, unatoka kortini unaenda kwa madalali. Shida ni akiwa hana hata kiti hapa Kenya. Uingereza bado kuna njia, wana sheria yao ya 1920 inayokubali hukumu ya Mahakama Kuu ya Kenya isajiliwe kule, lakini ombi linatakiwa liingie ndani ya miezi 12 tangu hukumu itoke, na kuna sharti ambalo watu hulisahau: kama mdaiwa hakuwa akiishi ama kufanya biashara Kenya, na hakujitokeza kwenye kesi wala hakukubali mamlaka ya mahakama zetu, hukumu hiyo haisajiliwi. Sasa unaona kazi ya kifungu? Ile saini yake chini ya maneno "mahakama za Kenya" ndo kukubali kwenyewe. Bila hiyo anakaa kimya kwao Manchester na hukumu yako unaitundika ukutani. Dubai na China hakuna kusajili kirahisi hivo, mahakama za kule zitauliza kwanza kama nchi hizi mbili hutambuliana hukumu, na huo ubishi peke yake ni kesi nyengine.

*Gharama.* Hapa ndo nafuu kuliko kote nitakakokutaja. Na si kila mkataba wa kimataifa ni wa Mahakama Kuu, hilo nalo hufikiriwa sana na si kweli. Hakimu mkuu ana uwezo wa kusikiza madai hadi shilingi milioni 20. Na kama dai halizidi milioni 1 na mdaiwa yuko hapa hapa mjini, tuseme ajenti wa muuzaji aliyesaini mkataba mwenyewe, kuna mahakama ya madai madogo ambayo sheria inaitaka imalize ndani ya siku 60. Ubaya wa Kenya ni muda. Kesi kubwa huzunguka, menshen juu ya menshen (faili kutajwa tu bila kesi kusikizwa), jaji amehamishwa, faili halijaonekana, wakili wa upande wa pili anaumwa. Anayekwambia miezi sita hajakaa kwenye ile benchi ya nje.

*Lugha na mashahidi.* Mahakama Kuu ni Kiingereza, kwa hakimu Kiingereza ama Kiswahili. Lakini faida kubwa ni watu. Seveya (mkaguzi wa mzigo) aliyefungua kontena, karani wa CFS, yaani yadi ya kontena nje ya bandari, aliyehesabu magunia, dereva aliyeona sili imekatwa, wote wako Mombasa na wanaweza kuja kortini kwa matatu. Kesi ya mzigo ulioharibika hushindwa ama kushinda kwa watu hawa, nyaraka peke yake hazitoshi.

*Kuzuia.* Hapa Mombasa ina kitu ambacho miji mingi haina. Mahakama Kuu ya Kenya ina mamlaka ya mambo ya bahari, na meli ikiwa imetia nanga Kilindini inaweza kushikwa kwa amri ya mahakama mpaka wenyewe waweke dhamana. Meli ikishikwa kila siku ni hasara kwao kwa hivo simu ambazo zilikuwa hazishikwi huanza kushikwa. Tena hukumu inayotajwa kuliko zote Kenya kuhusu mamlaka ya mahakama ilitokana na kesi ya meli, ile ya Lillian S dhidi ya Caltex ya 1989, ambapo Jaji Nyarangi alisema mamlaka ndo kila kitu na mahakama isiyo nayo haiwezi kupiga hata hatua moja zaidi. Wakili yeyote Kenya atakutolea maneno hayo usingizini. Kwa mali za nchi kavu kuna ombi la kushika mali kabla ya hukumu, ila lazima uonyeshe kwa ushahidi kwamba mdaiwa anahamisha mali ama anataka kutoroka, wasiwasi wako peke yake hautoshi.

*Inamfaa* mwenye kudai mtu aliye na mali Kenya, mwenye mashahidi wa bandarini, na mwenye dai la kati ambalo gharama za ng'ambo zingelimeza.

London

*Pesa.* Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Hukumu ya mahakama za juu za Uingereza inakuja hadi mlangoni kwako. Kenya ina sheria ya 1984 ya kutambua hukumu za nje, na nchi zilizoorodheshwa ni nane: Australia, Malawi, Rwanda, Seychelles, Tanzania, Uganda, Uingereza na Zambia. Hukumu ya nchi hizo inasajiliwa Mahakama Kuu ya Kenya na ikisajiliwa inatekelezwa kama ya hapa, na muda wa kuomba ni miaka 6. Ya nchi nyengine si kwamba haina thamani, lakini mwenye nayo itabidi afungue kesi mpya hapa akitegemea hukumu ile kama deni. Kwa upande wa Dubai, mwaka 2022 wizara ya sheria ya Emarati iliziandikia mahakama za Dubai kuwa hukumu za Kiingereza zinaweza kutekelezwa kule. Ndo maana mabenki na kampuni za meli hupenda London, si fasheni tu.

*Gharama.* Shikilia kiti. Ada ya kufungua dai la kati ya pauni 10,000 na 200,000 ni asilimia 5 ya dai, likizidi hapo ni pauni 10,000 basi. Yaani dai la pauni 60,000 unalipa 3,000 kabla wakili hajafungua mdomo, na wakili wa London hulipwa kwa saa. Anayeshindwa kwa kawaida humlipa mwenzake gharama, ambalo ni tamu ukishinda na ni balaa ukishindwa. Na wewe mdai unayeishi Mombasa unaweza kuambiwa uweke dhamana ya gharama, pesa ikae kortini mpaka kesi iishe, kwa sababu mwenzio anaogopa akishinda hatakupata. Kenya nako mdai mgeni anaweza kuombwa hivo hivo, kwa hivo si uonevu.

*Lugha na mashahidi.* Kiingereza, majaji wa biashara waliozama kwenye mambo ya meli, bima na mikopo, maamuzi ya zamani chungu nzima kwa hivo wakili mzuri anaweza kukwambia mapema unaelekea wapi. Mashahidi wako ni ndege, viza na hoteli, ijapokuwa ushahidi wa video sai hukubaliwa mara nyingi.

*Kuzuia.* Hapa London ina meno. Jaji anaweza kutoa amri ya kufunga mali za mdaiwa dunia nzima, si Uingereza tu, na anaweza kumuamuru mtu aache kesi aliyoifungua nchi nyengine kinyume na mkataba. Na tangu Aprili 2021 kama mkataba umetaja mahakama za Uingereza, mdai haombi tena ruhusa ya kukupelekea karatasi za kesi huku Kenya, anakutumia tu.

Sasa B/L, yaani ile hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, hapa nikae kidogo maana ndo inawaumiza watu wa bandarini kuliko mkataba wowote. Igeuze upande wa nyuma, yale maandishi madogo mpaka uweke tochi ya simu. Za Maersk na MSC kwa kawaida zinasema kesi iende Mahakama Kuu ya London, ya CMA CGM inasema mahakama ya biashara ya Marseille. Wewe hujakaa mezani na mtu kujadili hayo lakini umeipokea hiyo karatasi na umetolea mzigo, imekufunga. Na sheria za ubebaji wa baharini zinakupa mwaka 1 tu wa kushtaki tangu mzigo ukabidhiwe, wakati mkataba wa kawaida Kenya na hata Uingereza ni miaka 6. Kinachotokea ni hivi: mtu anafungua kesi Mombasa mwezi wa kumi tangu mzigo ukabidhiwe, kampuni ya meli inaleta ombi kwamba kifungu kinasema London, ubishi unaenda, jaji anakubaliana nao, mtu anageuka kwenda London anakuta mwaka ushapita. Kwa hivo hata kama una imani na Mombasa, mwambie wakili aombe nyongeza ya muda kwa maandishi kutoka kwa kampuni ya meli, ama afungue na kule kulikotajwa kabla tarehe haijafika, kesi ya kulinda muda tu.

*Inamfaa* mwenye dai kubwa, mdaiwa mwenye mali nchi kadhaa, mambo ya mkopo, bima na kukodi meli.

Dubai

Kwanza jua Dubai kuna nyumba mbili chini ya anwani moja, na kwenye mkataba ukiandika "mahakama za Dubai" bila kufafanua umeingia ile ya kwanza.

Ya kwanza ni mahakama za kawaida za Dubai. Lugha Kiarabu, na hapa msinambie kwamba nyinyi watu wa Mji wa Kale Kiarabu mnakijua, kila karatasi itafsiriwe na mtafsiri mwenye leseni kule, invoisi, imeili, mpaka ujumbe wa WhatsApp. Kesi nyingi huamuliwa kwa nyaraka kuliko kwa kuhoji mashahidi, mara nyingi mahakama humteua mtaalamu apitie hesabu na ripoti yake huwa na uzito sana. Mtu mwenye nyaraka safi hufaidika hapo, wa maneno ya mdomo huumia.

Ya pili ni mahakama za DIFC, zile za eneo la fedha, zilizoanzishwa kwa sheria ya 2004. Lugha Kiingereza, mfumo unafanana na wa Uingereza, na tangu 2011 hata wasio na uhusiano wowote na eneo lile wanaweza kuzichagua kwa maandishi, ila yawe wazi, mtaje DIFC kwa jina.

*Pesa.* Kama mwenzio ana duka Deira, ghala Jebel Ali na akaunti za huko, Dubai ndo kwenye mali. Hukumu ya DIFC nayo ina njia yake iliyowekwa na sheria ya kutekelezwa kupitia mahakama za kawaida za Dubai. Lakini upande wa pili, Emarati haimo kwenye ile orodha ya nchi nane, kwa hivo mtu wa Dubai anayekudai wewe uliye Mombasa atakuwa na kazi zaidi kuleta hukumu yake hapa. Ukiwa mnunuzi hilo halikuumi, ukiwa muuzaji wa Dubai unaanza kuelewa kwa nini wao wenyewe wakati mwengine wanataka London.

*Gharama.* Tafsiri ni gharama yake mwenyewe, watu huisahau. DIFC ina kitengo cha madai madogo kwa madai hadi dirhamu 500,000, na kwa kawaida pande zote zinajisimamia bila wakili, mnaanzia kwa kujaribu kupatanishwa. Kwa mfanyabiashara wa spea ama nguo hilo ni jambo la kulitazama, dirhamu 500,000 si pesa ndogo.

*Kuzuia.* Zote mbili zina njia za kushika mali mapema. Muda wa kudai mambo ya biashara kule ulikuwa miaka 10 na sheria mpya ya 2022 imeuleta kuwa 5, kwa hivo anayetegemea aliyoambiwa na mjomba ake zamani aangalie tena.

*Inamfaa* anayenunua ama kuuza na mtu ambaye biashara yake yote iko Emarati. DIFC zaidi ikiwa mkataba na mawasiliano ni kwa Kiingereza.

China, kwa kifupi

Muuzaji wa mashine ama vigae mara nyingi atakuandikia mahakama ya mji wake na hatabadilisha. *Pesa:* kama kiwanda kiko kule, hukumu ya kule ndo inayomgusa moja kwa moja, hilo ni la kweli na watu hulidharau. *Gharama:* ada za mahakama si za kutisha, lakini wakili lazima awe Mchina na hati ya kumpa uwakilishi ithibitishwe Kenya mpaka ubalozini. *Lugha:* Kichina, basi. *Kuzuia:* inawezekana kufunga akaunti mapema ila utatakiwa kuweka dhamana. Inamfaa mwenye dai la maana dhidi ya kiwanda kisicho na chochote nje ya China. Kwa kontena moja la vigae mimi ningepigania masharti ya malipo kuliko mahakama, pesa ya mwisho ilipwe baada ya ukaguzi.

Na kama mtakwepa mahakama zote?

Mnaweza kukubaliana ugomvi uamuliwe na msuluhishi ambaye uamuzi wake unafunga. Naliweka hapa maana mara nyingi ndo jibu la yule ambaye nchi yake haimo kwenye orodha. Mkataba wa New York wa 1958 unazilazimisha nchi wanachama kutekeleza maamuzi hayo, na Kenya imo tangu 1989, Uingereza imo, China imo, India imo, Pakistan imo, Emarati imeingia 2006. Yaani pale hukumu ya Mombasa inapokwama, uamuzi wa msuluhishi aliyekaa Nairobi unaweza kupita. Kituo cha kimataifa cha usuluhishi cha Nairobi kipo kwa sheria ya 2013. Ubaya ni kwamba msuluhishi mnamlipa wenyewe, rufaa ni finyu mno, na meli huishiki kwa barua ya msuluhishi, utarudi kortini tu kuomba amri. Kama una mkataba wa zamani uliotaja kituo cha usuluhishi cha DIFC-LCIA, Dubai ilikifuta kituo hicho 2021 na kazi zikaenda DIAC, kituo chengine cha usuluhishi cha Dubai, mpelekee wakili akitazame kifungu chako mapema.

Mkataba unasema kule, wewe unataka hapa

Hili huulizwa kila wiki. Mahakama ya Rufaa ilijibu kwenye kesi ya United India Insurance ya 1985: mahakama za Kenya zinaweza kusikiza kesi hata kama kifungu kimetaja nchi nyengine, lakini kwa kawaida kifungu kitaheshimiwa kwa sababu mlikichagua wenyewe, na anayetaka kukikwepa ndo anayebeba mzigo wa kuonyesha sababu nzito. Mwaka 2005 kwenye kesi ya Raytheon na Air Al-Faraj, ambapo walikuwa wametaja mahakama za Kansas kule Marekani, mahakama ikarudia msimamo ule ule. Wanachoangalia ni kama alivyopanga Jaji Brandon wa Uingereza mwaka 1969: ushahidi uko wapi, sheria ipi inatumika na inatofautiana kiasi gani, pande zote zina uhusiano na nchi gani, mdaiwa anataka kweli kesi ikasikizwe kule ama anataka kukuchosha tu, na je, kule utanyimwa haki, kwa mfano muda umepita ama hutaweza kutekeleza hukumu. "Kule ni ghali" peke yake sijaona ikimshtua jaji.

Na kama hamkuandika kitu kabisa? Hapo kila mtu anakimbilia kwao. Mombasa utaomba ruhusa ya kumpelekea karatasi mtu aliye nje, ukionyesha mkataba ulifanyika Kenya ama ulivunjwa Kenya ama unatawaliwa na sheria ya Kenya. London watauliza wapi panafaa zaidi kwa haki ya pande zote. Kesi yao kubwa ni ya meli Spiliada, iliyopakia salfa Vancouver kupeleka India na ikaliwa na kutu. Mwaka 1986 majaji wa mahakama yao ya juu kabisa waliiacha ibaki London, moja ya sababu ikiwa mawakili na wataalamu walikuwa tayari wameshaisoma kesi ya meli nyengine iliyofanana nayo. Kwa hivo uzoefu wa watu na mahali ulipo ushahidi unahesabika, si bendera tu.

Neno moja la uandishi: "mahakama za Kenya pekee" na "mahakama za Kenya zitakuwa na mamlaka" si sawa. La kwanza linafunga milango mengine, la pili linaiacha wazi. Mkopeshaji anayetaka kumfuata mdaiwa popote atapenda la pili. Mdogo anayeogopa kuburutwa nchi tatu kwa wakati mmoja achukue la kwanza.

Sasa wewe uko wapi

Unauza kwa mtu wa Kampala ama Dar ambaye mzigo wake unapita Kilindini: Kenya inakufaa, mashahidi wako hapa, lakini kabla hujasaini muulize wakili wa kule hukumu ya Kenya inaingiaje kwao, maana orodha yetu ni ya hukumu zinazokuja Kenya, za kwenda zinafuata sheria yao.

Unauza chai moja kwa moja Karachi, nje ya mnada: Pakistan ndo mnunuzi wetu mkubwa lakini haimo kwenye orodha. Msuluhishi, na juu ya hapo malipo kwa LC (barua ya benki ya kuahidi kulipa) ya benki unayoiamini.

Unanunua Dubai kwa muuzaji ambaye hana kitu nje ya Dubai: DIFC kwa jina, na kama dai lako halitazidi dirhamu 500,000 utashukuru.

Unakopa kwa benki ya nje: watataka London na hutaibadilisha. Ombeni angalau anwani ya kupokelea karatasi iwe ya mtu mtakayemlipa kweli, wengine huweka ajenti wa London halafu hawamlipi, karatasi zinafika kwake na huku hakuna anayejua.

Una dai dhidi ya kampuni ya meli: angalia nyuma ya B/L leo, hesabu mwaka tangu mzigo ukabidhiwe, mengine baadaye.

Na wewe ambaye karatasi za mahakama ya London zishakufikia ofisini na umeziweka chini ya kalenda ukingoja zipoe: hukumu ikitoka bila wewe kujibu inasajiliwa Kenya kama nilivyosema. Kama unaona London haina mamlaka, hilo lisemwe mwanzo kabisa na kwa utaratibu wao, kabla ya kujibu madai yenyewe, maana ukishaanza kubishana kwamba bei haikuwa hiyo ama mzigo ulikuwa mzima umeshakubali jaji yule akuhukumu. Muda wa kujibu umeandikwa kwenye zile zile karatasi na ni mfupi. Zipeleke kwa wakili pamoja na bahasha yake, ile tarehe ya kupokelewa wataiuliza.